Kabla ya Kadi Kulikuwa na Ngoma: Bibi Titi Mohamed na Sisi Tunaotaka Uongozi

Msimu wa kampeni umeshafika. Kuta zimejaa picha za wagombea waliovaa suti, magrupu ya WhatsApp hayalali, na karibu kila mgombea anaahidi kwamba yeye akipita, bumu litawahi kutoka. Mimi mwenyewe safari hii nimefuatwa na wenzangu wa mwaka wa pili wanaotaka nichukue fomu ya kugombea bunge la wanafunzi. Sijawajibu. Nimesema kwanza nisome maisha ya mtu mmoja aliyeongoza maelfu ya watu bila suti, bila digrii na bila bajeti, halafu ndiyo nijue kama hiyo fomu inanihusu.

Mtu huyo ni Bibi Titi Mohamed. Jina mnalijua, walau kama jina la barabara. Sisi tuliopanga Keko na kusoma hapa Chang'ombe, tukienda mjini tunapita Kamata, tunapita Gerezani, tunatokea Mnazi Mmoja, na palepale ndipo barabara yake inapopita. Tunashuka kwenye daladala tukikimbilia Kariakoo kutafuta viatu, wala hatujiulizi huyu bibi alifanya nini hadi jiji likampa barabara nzima. Shuleni tulipewa mistari miwili mitatu tu: mwanamke aliyeshirikiana na Mwalimu Nyerere kudai uhuru. Basi, tukaandika kwenye daftari, tukajibu mtihani.

Lakini swali ambalo mgombea yeyote anapaswa kujiuliza ni hili: aliwapataje watu? Chama kilikuwa kichanga, hela hakuna, serikali ya mkoloni inaangalia kwa jicho kali, na yeye hakuwa na cheo chochote cha kumpa mtu. Nimesoma, nimeuliza wazee, na jibu ninalolipata kila mara linarudi kwenye ngoma.

Binti wa mjini

Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Mji wenyewe ulikuwa mdogo; Kariakoo na Ilala ndiyo ilikuwa mitaa ya Waafrika, na huku kwetu Keko na Temeke palikuwa bado pembezoni. Maisha yake ya mwanzo hayakuwa na ajabu yoyote ukilinganisha na mabinti wenzake wa Kiswahili. Alisoma madarasa machache tu, akavunja ungo, akawekwa ndani kama mila ilivyotaka, akaozwa mapema. Ndoa ile ya kwanza haikudumu.

Nasisitiza hapa kwa sababu sisi tumezoea kudhani kwamba uongozi unaanza na cheti. Kwa vipimo vya karatasi, Titi hakuwa na kitu. Wakati huohuo Julius Nyerere, ambaye baadaye wangepanda jukwaa moja, alikuwa amepita Makerere na Edinburgh. Yaani mmoja kabeba stashahada na shahada, mwingine hana hata cheti cha sekondari. Na bado palikuwa na kazi ambayo yule msomi asingeiweza bila huyu.

Shule aliyosomea ngomani

Dar es Salaam ya miaka ile ilijaa vikundi vya ngoma vya wanawake. Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bomba, na watu wa mjini walimjua kwa sauti yake. Akaimba kwenye harusi, akaimba kwenye shughuli, akasikika pia kwenye maulidi.

Sasa tusiichukulie ngoma ile kama starehe ya jioni tu. Kikundi cha ngoma kilikuwa taasisi kamili. Kina viongozi wake, kina sare zake, kina michango, na kina wapinzani wa mtaa wa pili ambao lazima muwashinde kwa nyimbo na kwa mavazi. Mwenzenu akifiwa, mnakwenda. Akioza binti, mnakwenda na mchango wenu mkononi. Mwanachama akinuna, kuna mtu lazima aende akamtoe ndani. Ndani ya kikundi kimoja utamkuta Mzaramo, Mndengereko, Mmanyema na Mngoni, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Hakuna aliyeshurutishwa kuwepo. Mtu anakaa kwa sababu anapenda na kwa sababu anaona anaheshimiwa.

Fikiria basi kazi ya mwimbaji kiongozi. Lazima ajue wakati wa kuanza na wakati wa kunyamaza awaachie waitikiaji. Lazima asikilize, maana akiimba peke yake bila kuwasikiliza, ngoma inaharibika. Lazima awe na maneno ya papo kwa papo, na yale maneno yawaguse watu waliopo. Halafu ajue habari zao: nani kafiwa, nani kaachwa, nani kapata mjukuu. Mtu akifanya hivyo mwaka hadi mwaka, hata kama hajui, anajifunza kuongoza. Na anajifunza mahali ambapo akikosea, watu wanaondoka bila kumwandikia barua.

Swali la mgeni

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Titi na mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, walikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka Uingereza, John Hatch, mwanasiasa wa chama cha Labour. Akazungumza na viongozi, akaona wanaume watupu, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Lilikuwa swali dogo lakini liliwabana wakubwa. Ndipo ikaanzishwa sehemu ya wanawake ya TANU, na Titi akapewa kuiongoza, akisaidiwa na Tatu binti Mzee.

Kwa nini yeye? Walikuwepo wanawake waliosoma zaidi, wake wa makarani na walimu. Lakini serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiingiza kwenye siasa, na familia nyingi zilizotegemea mshahara wa serikali ziliogopa kusogea. Mwanamke anayeuza maandazi au samaki wa kukaanga hana bosi wa kumfukuza kazi. Wanawake wa namna hiyo ndio waliojaa kwenye vikundi vya ngoma, na mtu waliyemjua alikuwa Titi.

Akafanya jambo la akili. Badala ya kugonga mlango mmoja mmoja, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Ukimpata kiongozi mmoja aliyeaminiwa, umepata kikundi chake chote. Kufikia Oktoba 1955 sehemu ya wanawake ilikuwa na wanachama wapatao 5,000. Miezi mitatu! Hapa chuoni tunahangaika wiki nzima kupata sahihi za wadhamini wa fomu, tena tukiwa na simu za kisasa mkononi.

Wanawake hao hawakuwa wa kupamba mikutano. Walinunua kadi na kuwauzia wengine, walichanga hela, walipika na kulaza wageni wa chama, walipeleka habari nyumba kwa nyumba. Nyimbo zilezile za ngoma zikabadilishwa maneno, zikawa za uhuru. Mtu ambaye asingeelewa hotuba ndefu kuhusu katiba alielewa wimbo.

Kutoka wimbo hadi hotuba

Hapa pana jambo ninalolipenda zaidi. Kuimba mbele za watu Titi aliweza, lakini kuhutubia hakuwahi. Ni kazi mbili tofauti. Ukiimba, unabebwa na ngoma na waitikiaji. Ukihutubia, uko peke yako. Mwanamke wa Kiislamu wa mjini, miaka ile, kusimama juu ya jukwaa mbele ya wanaume na kuwaambia la kufanya lilikuwa jambo la kuzungumzwa vibarazani. Akajifunza akiwa kazini. Hotuba moja baada ya nyingine, sauti ya mwimbaji ikageuka sauti ya msemaji, na akawa mmoja wa watu waliosubiriwa kusikilizwa kwenye mikutano ya TANU. Alizunguka nchi, mara nyingi pamoja na Nyerere, mikoa ambayo watu wake hawakuwahi kumsikia akiimba Bomba.

Kukua kwa mtu ndiko huko. Alichukua kile alichokuwa nacho, akakiongezea kile alichokiogopa. Sisi tunapenda kuhudhuria semina za uongozi, tunapewa daftari na chupa ya maji, tunapiga picha, tunarudi vilevile. Titi aliingia kwenye kazi iliyomzidi kimo, akarefuka humohumo.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, na sherehe zilifanyika kwenye uwanja ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru, dakika chache kwa miguu kutoka madarasani kwetu. Mwaka 1962 ulianzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Titi akawa kiongozi wake. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana hapahapa Dar es Salaam. Ndiyo maana tarehe 31 Julai inakumbukwa kuwa Siku ya Mwanamke wa Afrika. Titi akawa mbunge, akapewa na nafasi ya waziri mdogo. Binti wa madarasa machache alikuwa amefika serikalini.

Cheo kinapoondoka

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kufurahisha na isiyotufundisha kitu. Maisha yake yaliendelea, na sehemu iliyofuata ilikuwa chungu.

Mwaka 1965 alishindwa kwenye uchaguzi, akapoteza kiti cha ubunge cha Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na ndani yake masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na sharti lile, na alijiuzulu kutoka Kamati Kuu ya TANU.

Nimebishana na wenzangu wa geto kuhusu jambo hili hadi usiku wa manane. Mmoja anasema Titi alipenda nyumba kuliko Ujamaa, na kwamba kiongozi wa wanyonge hapaswi kukusanya kodi za wanyonge. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwetu sisi ambao mwenye nyumba anatudai kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mwingine anasema mwanamke asiye na cheti, ambaye kesho akitoka kwenye uongozi hana ajira ya kurudia, nyumba ndiyo pensheni yake. Msomi akijiuzulu anarudi kufundisha, yeye angerudi wapi? Na hiyo nayo ina uzito.

Mimi nimesimama hapa: sina haja ya kuamua nani alikuwa sahihi kati yake na Azimio ili nione kitu alichokifanya. Angeweza kubaki kwenye kiti na kuandikisha nyumba kwa jina la ndugu. Angeweza kupiga makofi ukumbini na kunung'unika nyumbani. Aliona msimamo wake haulingani na masharti ya kiti, akaacha kiti. Wangapi kati yetu, kwenye kamati ndogo tu ya darasa, tumewahi kuachia nafasi kwa sababu hatukubaliani na uamuzi? Tunabaki, tunakula posho, tunalalamika kantini.

Halafu likaja kubwa zaidi. Oktoba 1969 alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, pamoja na Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri, na maofisa wa jeshi. Oscar Kambona, aliyekuwa ameshakimbilia Uingereza, alitajwa kuwa kinara. Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamwachia huru.

Sisi wa Keko neno gereza si la kwenye filamu. Ukuta uko hapo mtaani, na siku za kutembelea mahabusu tunawaona kina mama na vikapu vyao, wengine wametoka mbali. Tunajua pia kwamba wapo wa ndani ambao hawaji kutembelewa na mtu. Titi alipotoka alikuta ndoa yake imevunjika na marafiki wengi hawapo. Watu waliokuwa wakigombania kukaa karibu naye jukwaani walipita upande wa pili wa barabara. Jina lake likanyamaziwa kwa miaka mingi.

Ilipofika mwaka 1991, taifa likiadhimisha miaka 30 ya uhuru, ndipo akaanza kutajwa tena hadharani kama shujaa wa ukombozi. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa.

Tukirudi mtaani kwetu

Keko mnaijua kwa samani. Sofa, vitanda na makabati yamepangwa kando ya barabara, na mafundi wetu wanasikika wakipiga randa tangu asubuhi. Lakini kuna Keko nyingine ambayo haiuzwi. Kuna vikoba vya kina mama. Kuna vijana wa singeli wanaojaza uchochoro mzima kwa spika mbili. Na kuna vikundi vya jogging, ambavyo Jumamosi alfajiri hukimbia barabarani na fulana zao za rangi moja, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia.

Mimi nakimbia na kikundi kimoja cha mtaani kwetu. Anayetuimbisha ni dada muuza chapati, shule aliishia la saba. Akisema tukutane saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja na dakika tano tumeshaanza kukimbia. Anajua nani goti linamuuma, anampunguzia kasi bila kumtangaza. Mwenzetu alipofiwa na baba yake, kabla ya jua kuzama mchango ulikuwa umeshafika msibani, na orodha ya waliotoa na kiasi walichotoa ilisomwa mbele ya wote. Huku chuoni, kiongozi wa darasa akitangaza kikao saa nane, wanakuja sita, na wawili kati yao wamefuata chaji.

Tofauti iko wapi? Yule dada tunamfuata kwa sababu tumemwona akifanya jambo analolipenda, kwa bidii, pamoja nasi, na hela zetu hazijawahi kupotea mkononi mwake. Hicho ndicho Bomba kilichompa Titi kabla hajajua TANU ni nini: mahali pa kukua, na watu waliomkagua kwa miaka bila yeye kujua anakaguliwa. Siku mgeni alipouliza wanawake wako wapi, kulikuwa na mtu ambaye tayari anajua walipo.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu mnaotaka uongozi, kabla ya picha na suti, tafuteni jambo la kufanya na watu. Iwe mpira, kwaya, jogging, ngonjera, klabu ya mdahalo, kufundisha watoto wa mtaani hesabu siku za Jumapili. Lifanyeni bila kuhesabu kura. Shikeni daftari la michango na lisomwe hadharani. Mjifunze kunyamaza wengine waitikie. Halafu mkiona jukwaa linawatisha, pandeni hivyohivyo, maana hata aliyekuja kuwasha mikutano ya uhuru aliwahi kuwa hajui kuhutubia. Na mjiulize mapema ni jambo gani likitokea mtaachia kiti, kwa sababu mkisubiri kujiuliza mkiwa mmeshakikalia, jibu mtalijua.

Nanyi wapigakura, mgombea akija kwenye chumba chako na vipeperushi, muulize maswali mawili. Kabla hujawa na cheo, nani alikuwa anakufuata, na katika jambo gani? Na hela za watu ulizowahi kushika, hesabu yake iko wapi? Akijibu vizuri, sikiliza sera zake. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru kwa kipeperushi.

Wenzangu wa mwaka wa pili wanasubiri jibu langu, na fomu zinafungwa Ijumaa. Nimeamua nitachukua. Nitakapopita vyumbani, nianzeni na maswali hayohayo mawili, na mkitaka kuhakiki, Jumamosi alfajiri njooni Keko mkimbie nasi.